Jicho Kwanza, Mashine Baadaye

Asubuhi za Munyaka, mtaa wa mji wa Eldoret, huanza na baridi. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kabla jua halijapanda waendesha bodaboda wa mtaa huu huwa wamejifunga makoti hadi shingoni. Hiyo ndiyo saa kinyozi wangu hufungua mlango. Chumba chake kina kiti kimoja cha kuzunguka, benchi la watu watatu, kioo kikubwa ukutani na kingine kidogo chenye mpini, ambacho hukitundika kwenye msumari. Wateja humwita Fundi, na jina hilo limemtosha.

Siku moja aliyenitangulia alikuwa kijana wa bodaboda, wa miaka kama ishirini na mitatu. Alivua helmeti, akabaki na kofia ya sufu, na alipokaa kitini kofia ilibaki palepale kichwani. Fundi hakumwambia aivue. Alichukua kibrashi akasafisha meno ya mashine, jino kwa jino, akayadondoshea matone mawili ya mafuta, akaiwasha, akaisikiliza, akaizima. Alipogeuka, kofia ilikuwa tayari imeshuka magotini.

Panja zote mbili zilikuwa zimerudi nyuma, na utosini ngozi ilichungulia kati ya nywele.

"Mzee, ni hii helmeti," kijana akasema.

Fundi hakujibu. Alikizungusha kiti hadi kikatazama mlango, kwa sababu taa ya umeme huficha mambo, kisha akaanza kukisoma kichwa kile. Kwa ncha ya kichana alizitenga nywele mstari baada ya mstari, toka kwenye komo hadi kisogoni, na kidole gumba kikapita nyuma ya kichana kikipapasa ngozi. Nimekaa kwenye benchi lile mara nyingi, nikajua anachotafuta. Magamba na nywele zilizokatikia usawa wa ngozi ni dalili ya mapunye. Mwenye hayo hanyolewi, huambiwa aende kwa daktari, maana mashine itayapeleka kwa kichwa kinachofuata. Duara laini mfano wa sarafu, lisilo na magamba, mara nyingi ni kinga ya mwili inayoishambulia mizizi ya nywele zake yenyewe. Nywele zilizokwisha pembezoni, pale rasta au misuko ilipovuta kwa miaka, ni jeraha la kuvutwa. Kovu linalong'aa ndilo humfanya aweke vifaa chini kabisa, kwa kuwa mzizi uliokufa chini ya kovu haurudi, na kila mwezi wa kungoja hupunguza kinachoweza kuokolewa.

Hakuona hata kimoja kati ya hivyo. Alishika kishungi kidogo kwa vidole viwili, akakivuta taratibu, akahesabu zilizobaki mkononi. Zilikuwa mbili.

"Babako ana nywele?"

"Anazo."

"Na wajomba?"

Kijana akacheka kwa mara ya kwanza. "Wajomba wote ni vipara."

"Basi usiisingizie helmeti. Endelea kuivaa."

Upara wa mapema wa wanaume ni jambo la urithi, na huweza kutoka upande wowote wa ukoo. Homoni ya kiume hugeuzwa mwilini kuwa nyingine yenye nguvu zaidi, iitwayo kwa kifupi DHT. Kwa aliyerithi udhaifu huo, DHT huifanya mizizi ya panja na utosi isinyae: kila unywele unaoota huwa mwembamba na mfupi kuliko uliotangulia, hadi panabaki malaika tu, vinyweleo visivyoonekana. Mizizi ya kisogoni na pembeni huistahimili homoni hiyo. Ndiyo maana hata mzee mwenye kipara cha kung'aa hubaki na ukingo wa nywele kuzunguka masikio.

Yote hayo Fundi aliyasema kwa maneno machache, akipangusa kichana kwa pamba yenye spiriti. Kijana alitaka kujua dawa. Hapa nilimheshimu Fundi kuliko kawaida, kwa sababu rafu yake ina chupa za kila namna na hakunyoosha mkono kuchukua hata moja.

Alimtajia minoxidil, ya kupaka. Hii ilianza kama dawa ya shinikizo la damu. Wagonjwa walioimeza wakaanza kuota nywele mwilini, na mwaka 1988 Marekani ikaidhinisha ya kupaka kichwani. Fundi anawajua walioitumia, kwa kuwa vichwa vyao hupita mikononi mwake kila wiki mbili. Wiki za mwanzo nywele huweza kudondoka zaidi, na hapo wengi huitupa. Anayevumilia huanza kuona kitu baada ya miezi minne au zaidi, na akiacha, alichokipata huondoka. Alimtajia pia kidonge cha finasteride, kilichotangulia kutibu tezi dume, kisha dozi ya miligramu 1 ikaidhinishwa kwa upara mwaka 1997. Hicho huzuia DHT isitengenezwe kwa wingi. Kwa baadhi ya wanaume hupunguza hamu ya tendo la ndoa au huleta huzuni nzito, kwa hiyo si cha kununua kwa kunong'onezana dukani.

"Hayo ni ya daktari wa ngozi," alisema. "Hospitali ya Rufaa ya Moi iko hapo mjini, kaulizie. Mimi naona kwa nje tu."

Na kupandikiza? Daktari huchukua mizizi ya kisogoni, ile inayostahimili, akaipanda mbele. Gharama yake ni kubwa. Tena nywele zetu za kipilipili hujipinda hata chini ya ngozi, na daktari asiyezizoea huweza kuikata mizizi badala ya kuing'oa. Mwenye ngozi inayoota makovu manene inampasa aseme mapema. Zaidi ya hayo, kwa umri ule upara ulikuwa bado safarini, na Fundi alilieleza hilo kwa lugha ya shamba: hupandi ukingoni mwa mto ambao bado unamega udongo.

Kijana akauliza la mwisho, kama angeweza kurudishiwa laini ya mbele kwa piko.

"Piko ni ya nywele. Nikikupaka kwenye ngozi, jasho litaiteremsha hadi kwenye nyusi kabla hujafika Kapsoya."

Ndipo mashine ikawaka. Aliivisha kichana namba 2, akaanza juu, akifuata nywele zinakolala. Utosini, pale nywele zinapozunguka kama maji yanayoingia shimoni, alizunguka nazo. Anayekwenda kinyume hapo huacha ngozi wazi. Kisha akashuka pembeni kwa namba 1, halafu nusu yake, halafu mashine tupu karibu na masikio. Kila mkono ulipofika mpakani, kifundo kilipinda nje na mashine ikaachana na kichwa bila kuacha alama. Hesabu yake ni rahisi kuieleza na ngumu kuifanya: za pembeni zikiwa nene na ndefu, za juu huonekana maskini, ukizishusha za pembeni, za juu hupata heshima. Alirudia mpaka ule mara sita au saba, akisimama kila mara, akirudi nyuma hatua moja kutazama, hadi weusi ukayeyuka bila mstari.

Laini ya mbele aliiachia mwisho. Wapo vinyozi ambao, wakitaka laini iliyonyooka kama rula, hula nywele mbili tatu kila wiki. Mwaka ukiisha, komo limeongezeka upana wa kidole na mteja anaulaumu ukoo. Fundi alishika trima kwa vidole vitatu, kidole kidogo kikiegemea komo, akaanzia katikati. Aligusa tu zile zilizovuka mstari wake wa asili, akaenda kulia, akarudi katikati, akaenda kushoto. Kwenye panja alisimama. Hakuzinyoosha. Aliziacha zipinde zinavyopinda, na uso wote ukatulia.

Kijana akaomba kisogo kipitishwe wembe. Fundi akakataa kwa upole. Kwa nywele za kujikunja, wembe huacha ncha kali chini ya ngozi. Ncha hiyo hurudi ndani na kuzaa vipele, na vipele vya kisogoni huweza kukomaa kuwa makovu magumu. Alimalizia kwa trima, akapangusa kwa spiriti, akaweka taulo la moto, akangoja lipoe.

Mwisho alikitoa kile kioo kidogo msumarini, akakishika nyuma ya utosi. Vinyozi wengi hukipitisha mara moja, upesi, kama anayefunika deni. Yeye alikishika bila kutikisika hadi kijana alipomaliza kujitazama, na kujitazama kule kulichukua muda. Fundi hakusema kitu. Kijana aliligusa eneo lile kwa kiganja, akatikisa kichwa kukubali.

Alilipa shilingi 100 kwa M-Pesa, akavaa tena kofia ya sufu, maana baridi ilikuwa bado, na helmeti juu yake. Fundi alifagia, akachukua kibrashi, akaanza upya kusafisha meno ya mashine ingawa mimi nilikuwa nimeshakaa kitini.

Msomaji, nywele zikianza kukuaga mapema, muone daktari wa ngozi kabla ya kununua chupa yoyote. Na ukitafuta kinyozi, mchague anayekitazama kichwa chako kabla ya kuwasha mashine.