Mkono Uliokatwa: Kisasi na Sheria katika Filamu ya Sholay

Filamu ya Sholay, iliyoongozwa na Ramesh Sippy kwa mswada wa Salim Khan na Javed Akhtar, ilianza kuonyeshwa nchini India tarehe 15 Agosti 1975. Aghalabu husifiwa kwa mkusanyiko wa waigizaji wake mahiri: Sanjeev Kumar, Dharmendra, Amitabh Bachchan, Hema Malini, Jaya Bhaduri na Amjad Khan. Sifa hiyo wanaistahili, lakini imefunika swali zito linaloulizwa na filamu yenyewe: nani ana haki ya kuadhibu pale sheria inaposhindwa? Tahakiki hii inadai kwamba swali hilo limebebwa na taswira moja, yaani mkono, na kwamba mwisho uliolazimishwa na wadhibiti unaikana taswira hiyo.

Thakur Baldev Singh, aliyekuwa inspekta wa polisi, anawakodi wahalifu wawili, Jai na Veeru, wamkamate jambazi Gabbar Singh na kumleta akiwa hai. Katika shambulio la siku ya Holi, vijana hao wanazidiwa nguvu. Bunduki imelala mbele ya Thakur, naye haiinui. Wanakasirika na kutaka kuondoka. Ndipo mbinu rejeshi inapofichua siri: Gabbar alitoroka gerezani, akaiangamiza familia ya Thakur, kisha akamkata mikono yote miwili. Shali ambalo mtazamaji alilidhani kuwa vazi la heshima linabainika kuwa kifuniko cha jeraha.

Ufichuzi huo unalazimisha kuutazama upya uigizaji wote uliotangulia. Sanjeev Kumar ameigiza kwa macho, shingo na sauti pekee. Kinyume chake, Gabbar wa Amjad Khan ni mtu wa mikono isiyotulia: husugua tumbaku kiganjani na kuburuta mkanda juu ya mwamba. Ubora wa waigizaji hapa si pambo. Ukinzani wa dhamira umewekwa katika miili yao.

Kiswahili kina semi mbili zinazosaidia kuusoma ukinzani huo: mkono wa sheria, na kujichukulia sheria mkononi. Alipomkamata Gabbar mara ya kwanza, Thakur alimwambia kwamba mikono yake ni kitanzi. Yalikuwa maneno ya ofisa anayeamini kuwa mkono wake na mkono wa dola ni kitu kimoja. Gabbar aliichukua sitiari hiyo kama ilivyo, akaukata mkono wenyewe. Tangu hapo Thakur hawezi kujichukulia sheria mkononi, kwa kuwa hana mkono. Jai na Veeru ndio mikono aliyoikodi.

Hata hivyo, filamu haikiachi kisasi kibaki mali ya nyumba moja. Baada ya Gabbar kumuua kijana Ahmed, wanakijiji wa Ramgarh wanataka Jai na Veeru watolewe ili wao wapate amani. Anayekataa ni Imam, mzee kipofu na baba wa marehemu. Kwa msimamo wake, kijiji kinakubali kuendelea kupambana. Katika onesho hili uchungu wa mtu mmoja unageuka kuwa uamuzi wa jamii, na hapa ndipo filamu inapokaribia zaidi wazo la haki lililo pana kuliko kulipiza.

Katika mwisho wa awali, Thakur anamuua Gabbar mwenyewe, akipigana kwa viatu vyenye misumari. Lakini India ilikuwa chini ya hali ya hatari iliyotangazwa Juni 1975, na wadhibiti hawakuridhia kuona aliyekuwa polisi akiua nje ya sheria. Sippy alipiga picha mwisho mwingine: polisi wanafika, wanamzuia Thakur na kumchukua Gabbar.

Mtu anaweza kuutetea mwisho huo kwa hoja kwamba unakata mnyororo wa damu. Hoja hiyo ina uzito kimaadili, ila haina mizizi katika msuko. Polisi hawaonekani katika mashambulizi yote dhidi ya Ramgarh. Wanajitokeza pale tu aliyedhulumiwa anapokaribia kulipiza. Isitoshe, wanamrudisha Gabbar katika mfumo uleule wa magereza aliokwisha kuutoroka. Methali husema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Katika mwisho huu msumeno unamkata Thakur kwanza.

Mwisho wa awali nao una dosari: unakirudisha kisasi kwa mtu mmoja na kuisahau sauti ya Imam. Pamoja na hayo, unabaki mwaminifu kwa taswira iliyoijenga filamu. Aliyenyimwa mikono anatumia miguu, na mtazamaji analazimika kujiuliza iwapo alichokishuhudia ni haki au ni msiba mwingine. Mwisho wa wadhibiti unalijibu swali hilo kwa niaba yake, tena kwa jibu ambalo hadithi nzima imekwisha kulikanusha.