Balbu Mpya, Tangi Kavu

Mwenye gari aliyenunua balbu za LED huku tangi la maji ya kioo likiwa kavu alikosea, na sioni pa kumtetea. Nalisema mapema ili anayetafuta mtetezi asipoteze jioni yake hapa.

Anayesafiri kutoka Kisii kupitia Keumbu hadi Keroka saa za jioni anaijua hali yenyewe. Mvua ya alasiri imekatika, lami bado ina maji, na kila njia inayoshuka kutoka mashambani imetapika tope jekundu barabarani. Halafu mbele yenu linatokea lori la majani chai. Kuna wanaosema mvua itaosha gari. Itaosha ikiwa inanyesha. Ikishakatika, kinachopiga kioo ni manyunyu yanayorushwa na magurudumu ya wengine, udongo mwingi na maji kidogo, na waipa haina cha kufanyia kazi.

Gari nililopanda lilikuwa Probox, kama mlivyokwisha kudhani. Dereva aliacha nafasi, akashuka miteremko kwa gia nzito na hakuovateki penye kona hata mara moja, hilo tumpe. Kabla hatujatoka steji alinionyesha taa. "Mzee, hizi ni kali. Usiku unakuwa mchana." Nikauliza kuhusu maji ya kioo. Pampu ilikuwa imekufa, akasema, na mwenye gari aliamua isubiri kwanza, balbu zipatikane. Pampu yenyewe ni kidude cha volti 12 kinachoenea kiganjani, na kwa wauza spea wa mitumba pale mjini haina bei ya kumtisha mtu aliyemudu balbu mbili za LED.

Sasa tuutazame uamuzi huo ukifanya kazi. Tuliipita Keroka, tukaingia upande wa Nyamira, na lori likatupaka. Dereva akavuta swichi kwa mazoea. Kimya. Akawasha waipa hivyohivyo, kavu, na raba zikachora pinde mbili za tope kutoka upande hadi upande. Wakati huohuo basi likaja na taa za ful. Tope likiwa matone, jicho hupenyeza baina yake. Likishasambazwa kuwa utando mwembamba, kila chembe hutawanya mwanga, na kioo chote huwaka chenyewe. Kwa muda ule hatukuwa na barabara. Tulikuwa na ukuta mwekundu. Dereva akapunguza mwendo, akashusha dirisha, akatoa mkono wa kulia na chupa ya maji iliyotobolewa kifuniko, akamimina huku waipa ikienda. Chupa hiyo mnaijua, iko katika nusu ya magari ya huku. Husafisha upande wa dereva tu, na hutaka mkono ambao kazi yake ni usukani.

Kuwasha waipa kavu lilikuwa kosa la dereva, sikatai. Udongo wetu una chembe ngumu ndani yake, na raba ikizivuta kwenye kioo kikavu huacha mikwaruzo isiyotoka. Kioo kikishakwaruzwa hivyo, kila taa inayokuja usiku itachora pinde zilezile hata kioo kikiwa kimeoshwa. Asiye na maji aiache waipa, apunguze mwendo, asimame pembeni amwagie. Lakini mkono hufuata mazoea, na aliyemwachia mkono huo swichi isiyo na maji ni mwenye gari.

Tuje kwenye taa, ambazo ndizo zilizolipiwa. Tope juu ya lenzi halipunguzi mwanga tu, linautawanya. Ule uliokusudiwa kuanguka barabarani hupanda juu na kumpiga anayekuja machoni. Ukiongeza nguvu nyuma ya tope, unaongeza mtawanyiko. Tena taa ya Probox imechongwa kwa waya wa balbu ya halojeni uliokaa mahali maalumu. LED ya dukani ina vipande vyake ubavuni, na mara nyingi dim yake huvuja hata lenzi ikiwa safi. Wazungu waliliona hili la mwanga mkali nyuma ya tope zamani. Kanuni ya 48 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa Ulaya, inadai kwamba taa ya dim yenye chanzo cha mwanga kinachozidi lumeni 2,000 iwe na kifaa cha kuiosha. Halojeni ya H4 ikiwa dim hutoa kama 1,000, kwa hiyo haiguswi. Zenoni ya wati 35 hutoa kama 3,200, na ndiyo maana BMW na Mercedes za zenoni zina vile vifuniko viwili kwenye bampa, ambavyo nimeona mafundi wakiviziba ili tangi lisiishe haraka.

Kifaa kile hakina waipa. Kinategemea msukumo wa maji, nacho hufanya kazi nzuri kwenye tope bichi na hafifu kwenye lililokauka. Mimi nilipenda njia ya Saab, waliokuwa wakiweka waipa ndogo juu ya taa tangu 1970. Na Beetle, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962, ilikuja kuwa na maji ya kioo yaliyosukumwa na upepo wa gurudumu la akiba. Hapakuwa na pampu ya kufa wala fyuzi ya kuungua, na vali ilifunga kabla gurudumu halijaisha upepo. Taa za Peugeot 404 na 504 zilikuwa za kioo, zikifutwa kwa kitambaa chenye maji bila kuchubuka. Hizi za plastiki hufutwa zikiwa na vumbi hadi ziwe na ukungu, kisha mtu analalamika balbu ni dhaifu.

Wakaguzi nao nina kisa nao cha siku nyingi. Tangu kanuni za matatu za Waziri Michuki za 2004 tumejifunza kutazama mikanda, vidhibiti mwendo na mstari wa njano. Sijamwona hata mmoja akimwambia dereva: vuta maji tuone. Wakati huohuo bango la jina la sacco limekula robo ya juu ya kioo.

Dawa ya Probox ile ni ndogo. Zima injini, washa swichi, vuta. Ukisikia mngurumo na maji hayatoki, mrija umechomoka au nozeli imeziba. Kwa nozeli iliyoziba sindano itatosha, na kwa sindano hiyohiyo uielekeze nozeli juu kidogo ya katikati ya kioo, kwani upepo wa mwendo hushusha maji. Ukisikia kimya, anza na fyuzi kabla ya kuilaumu pampu. Tangini tia maji safi na matone ya sabuni ya maji ya vyombo, maana kumbikumbi wakipasuka kiooni mafuta yao hayatoki kwa maji matupu. Sabuni ya unga iache nyumbani, huganda na kuziba nozeli. Halafu zile LED zitolewe, H4 zirudi, na chupa ibaki chini ya kiti kwa ajili ya taa: mkisimama Nyansiongo kushusha abiria, dereva ateremke azimwagie.