Beberu Anayebaki Zizini

Mbuzi mdogo wa maziwa hasifiwi, na kinachomponza ni udogo wake. Kwa wengi, mnyama wa kilo 25 au 30 ni kitoweo cha sikukuu tu. Maziwa wanamwachia ng'ombe, na ikibidi awe mbuzi, basi awe Saanen au Toggenburg aliyetoka ng'ambo. Hoja yangu ni kwamba maziwa ya mbuzi hayafuati ukubwa wa mwili peke yake. Hufuata macho ya mfugaji, kizazi baada ya kizazi, na macho hayo ndiyo ufundi tunaouacha ufe huku tukiulilia uhaba wa mbegu bora.

Ushahidi umo katika mbuzi aliyeondoka Afrika. Mbuzi wafupi wa Afrika Magharibi walivushwa bahari hadi Marekani, na huko walianza kama wanyama wa kutazamwa katika bustani za wanyama. Baadaye wakaingia mikononi mwa wafugaji wa nyumbani, watu wa mbuzi watatu wanne nyuma ya nyumba, ambao walipima maziwa ya kila jike, wakaandika, na kumzalisha yule tu aliyestahili. Leo uzao huo unaitwa Nigerian Dwarf. Jike wake hafiki sentimita 60 begani, lakini hutoa lita moja hadi mbili kwa siku, na mafuta katika maziwa yake huwa karibu asilimia 6, wakati ya ng'ombe wa Friesian huzunguka 4. Mwaka 2005 chama kikubwa cha wafugaji wa mbuzi wa maziwa nchini humo kilimwandikisha miongoni mwa mbuzi wa maziwa. Daftari na subira vilimtoa kwenye maonyesho vikampeleka jikoni, na mwili wake ukabaki mdogo vilevile.

Sasa tutazame huku kwetu. Iddi au Krismasi ikikaribia, mnunuzi huja na kuchagua beberu mwenye kifua kipana na manyoya yanayong'aa, kwa sababu ndiye mwenye bei. Anayebaki zizini ni yule aliyekataliwa: mwembamba, mwenye kwato zilizopinda, pengine mtoto wa koo aliyekauka maziwa kabla mwanawe hajaanza kula majani. Huyo ndiye atakayepanda majike wote mwaka mzima, wakiwamo dada zake na baadaye binti zake. Kila mwanambuzi huchukua nusu ya urithi wake kwa baba, na ujauzito ni miezi mitano tu, kwa hiyo kosa la sikukuu moja huenea zizi zima kabla ya sikukuu ya mwaka unaofuata. Tukifanya hivyo miaka ishirini, kisha tukasema mbuzi wa kienyeji hana maziwa, tumemsingizia.

Ufundi wenyewe hauna makuu, na labda ndiyo maana haupigiwi mbiu. Mkamaji mzuri hunawa, huosha chuchu kwa maji ya uvuguvugu, kisha hubana kwa kidole gumba na cha shahada pale chuchu inapoungana na kiwele, maziwa yasirudi juu. Vidole vingine hufunga kimoja kimoja kuteremka chini. Havuti, kwa maana kuvuta huumiza, na mbuzi aliyeumizwa huyabana maziwa. Matone ya kwanza huyakamua ndani ya kikombe cheusi ayachungulie. Chembe ndogo nyeupe iliyoganda humwambia kiwele kinaanza kuugua, hata kabla hakijavimba. Dang'a humwachia mwanambuzi. Beberu humfunga mbali na banda la kukamia, kwa sababu harufu yake hushika maziwa, na watu wanaoapa kwamba maziwa ya mbuzi yananuka mara nyingi wamekunywa uzembe wa mtu.

Nitaambiwa kwamba mbuzi wakubwa wamefaulu: wa Kinorwe huko Mgeta, kwenye miteremko ya Uluguru, tangu miaka ya 1980, na Toggenburg huko Meru. Ni kweli, na kazi ile naiheshimu. Lakini kule kuna ubaridi wa milimani, na familia zilikubali kukata majani kila siku, kujenga mabanda ya kuinuliwa na kufuata mpango wa uzalishaji. Ufundi ulikwenda pamoja na mbegu. Peleka jike huyohuyo kwenye joto la bonde, penye minyoo na kiangazi kirefu, umwachie mtu asiyejua beberu wake ni mtoto wa nani. Hatamaliza misimu miwili. Wa kienyeji hapo ataishi, tena kwa majani kidogo zaidi.

Wengine watasema lita moja ni nini. Kwa familia isiyo na jokofu, lita moja inayokwisha siku hiyohiyo kwenye chai na uji wa watoto ni afadhali kuliko kumi zinazochachuka zikimngoja mnunuzi. Ichemshwe tu, kwa hofu ya homa ya brusela, na mtoto ambaye hajatimiza mwaka asifanywe kuitegemea badala ya maziwa ya mama, kwani maziwa ya mbuzi hayana foleti ya kutosha.

Pingamizi lililo zito kweli ni la ada ya shule. Mzazi anayemuuza beberu mzuri hafanyi hivyo kwa ujinga. Fedha inahitajika, na mnunuzi hatoi bei ileile kwa aliyekonda. Hata hivyo njia ipo, na wafugaji wa zamani waliijua: hasi madume mapema, wanenepe bila kupanda, uwauze hao. Abaki mmoja asiyehasiwa, mtoto wa koo mwenye maziwa kuliko wote, na baada ya msimu abadilishwe na wa jirani ili asipande binti zake. Ukishika kamba ya beberu kumpeleka mnadani mwaka huu, kwanza muulize anayekama nyumbani kwako: mama yake huyu alijaza kikombe au hakujaza?