Nafasi Isiyogawiwa

Kule kwetu Rukanga, chini ya mlima Kasigau, kikapu cha mkonge huanzia kitakoni. Mama husokota nyuzi pajani, akapanga chache za kuanzia, kisha akatulia nazo kwa muda mrefu. Hakuna anayemharakisha, maana kitako kikienda upande, ubavu mzima utakifuata. Nimekulia mbele ya mikono hiyo. Kwa hiyo nilipomkuta fundi wa seva mjini Voi amekaa kimya mbele ya diski tupu, nilijua kwamba kazi imeshaanza.

Alikuwa na diski 4 za terabaiti 8 kila moja. Aliziunganisha kwa RAID 6, zikawa moja ya terabaiti 16, ili hata 2 zikifa data ibaki. Sasa ilimbidi achague jedwali la kugawia. Lile la zamani, MBR, lilikuja na PC DOS 2.0 mwaka 1983. Lina nafasi ya sehemu kuu 4 tu, na huhesabu sekta kwa namba ya biti 32. Kwa sekta za baiti 512, hesabu inakomea terabaiti 2.2. Karibu terabaiti 14 zingebaki nje ya ua.

Akachagua GPT. Hiyo huhesabu kwa biti 64, kwa kawaida ina nafasi za sehemu 128, na huweka nakala ya jedwali lake mwishoni mwa diski, mwanzo ukiharibika. Ninachokipenda zaidi ni kwamba kwenye sekta ya kwanza kabisa huacha MBR ndogo inayosema diski yote ina mwenyewe, ili programu ya zamani isiyoijua GPT isidhani pale ni patupu ikaandika juu yake. Waliobuni hilo walimfikiria mgeni ambaye hawatamwona.

Sehemu ya kwanza aliianzisha sekta ya 2048, yaani mebibaiti 1 kamili kutoka mwanzo. Diski za siku hizi huandika kwa vipande vya baiti 4096. Ukianza katikati ya kipande, andiko moja linagusa vipande viwili, na diski inachoka bure kila siku ya maisha yake.

Juu ya hapo akaweka LVM, tabaka linalomruhusu kugawa nafasi na kuipanua baadaye. Mfumo endeshi aliupa gigabaiti 50. Saraka ya /var, zinakorundikana logi, aliipa chumba chake. Hapo nilinyamaza, kwa sababu mimi niliwahi kuweka vyote pamoja. Logi zikajaa usiku, asubuhi seva ikawa haipokei kitu. Data akaipa terabaiti 6 kwa mfumo wa faili wa XFS. Zilizobaki, zaidi ya terabaiti 9, hakumpa yeyote.

Nikamuuliza, “Fundi, mbona unaacha zote hizo?”

“XFS ukiipanua inakubali hata ikiwa kazini,” akasema. “Kuipunguza ndiyo shida. Ukishagawa kila kitu, huna tena cha kuamua.”

Miezi kadhaa baadaye nafasi ya data ilikaribia kwisha. Nilikuwa nimekaa kando yake. Alichota terabaiti 2 kwenye akiba, akaupanua mfumo wa faili, na watu wakaendelea kufungua mafaili yao kama kawaida. Amri zilikuwa mbili tu.