Mbele na Nyuma: Maoni juu ya Tafsiri ya Maagizo ya Usingizi wa Mtoto

Miongoni mwa maandishi ambayo wasomaji wetu hutuletea ili yatolewe maoni, ipo karatasi moja iliyotufikia kutoka Mwanza ambayo twaona yastahili kujadiliwa kwa kirefu. Ni tafsiri ya kurasa mbili kutoka Kiingereza, inayowaeleza wazazi wanaoishi Uingereza namna ya kuuzoesha usingizi wa mtoto mchanga na badiliko la saa linalofanyika huko mara mbili kila mwaka. Aliyeileta ni bibi mmoja mkazi wa Kirumba, ambaye binti yake alimwita akamsaidie kumlea mjukuu wa miezi sita. Bibi aliisoma mara tatu, kisha akatuuliza swali moja tu: "Wanangu, huyu mtoto niwahi kumlaza au nichelewe?" Karatasi nzima iliandikwa kwa kusudi la kulijibu swali hilo.

Yafaa kwanza tueleze jambo lenyewe, kwani kwetu ni geni. Mwanza iko karibu digrii mbili na nusu kusini ya Ikweta, na tofauti baina ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka haifiki nusu saa. London mchana wa Desemba hupungua chini ya saa nane, na ule wa Juni huzidi saa kumi na sita. Kwa ajili hiyo Waingereza, tangu mwaka 1916, wamekuwa na desturi ya kuzisogeza saa zao katika miezi ya mwanga mwingi. Siku hizi hufanya hivyo usiku wa kuamkia Jumapili ya mwisho ya Machi, ambapo saa 7 usiku huhesabiwa kuwa saa 8. Na usiku wa kuamkia Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa 8 hurudishwa kuwa saa 7. Ndiyo maana Mwanza huitangulia London kwa saa tatu katika miezi ya baridi yao, na kwa saa mbili katika miezi mingine. Mfano wa karibu tulio nao ni wa abiria wa mabasi ya Mwanza na Kigali, ambao wakivuka Rusumo hurudisha saa zao nyuma, kwa kuwa Rwanda iko nyuma yetu kwa muda wa saa moja. Mtoto aliye katika mbeleko havuki mpaka wa saa. Hulia njaa kwa wakati wake uleule, na mama hulazimika kumfuata.

Sasa tuitazame tafsiri. Katika maagizo ya Machi mfasiri ameandika: "Siku nne kabla ya badiliko, sogeza mbele wakati wa kulala wa mtoto kwa dakika 15 kila siku." Bila shaka mbele ya macho yake palikuwa na neno la Kiingereza lenye maana ya mbele, naye akalitia neno mbele. Lakini katika Kiswahili cha ofisi zetu, na cha mitaani vilevile, mkutano uliosogezwa mbele ni mkutano ulioahirishwa. Hakuna karani wa Mwanza atakayeambiwa kuwa kikao cha saa 3 kimesogezwa mbele naye akaja saa 2. Msomaji Mswahili, kwa hiyo, atamchelewesha mtoto, ilhali maagizo yalikusudia awahishwe.

Tuhesabu madhara yake. Mtoto amezoea kulala saa 1 usiku. Kwa kuwa saa zitasogezwa, saa 1 mpya itakuwa ni saa 12 jioni ya zamani. Hivyo yapasa alazwe saa 1 kasorobo siku ya kwanza, kisha saa 12 na nusu, kisha saa 12 na robo, na siku ya nne saa 12 kamili jioni. Anayefuata tafsiri hii atamlaza saa 1 na robo, saa 1 na nusu, saa 2 kasorobo, hatimaye saa 2 usiku. Usiku huo saa zikisogezwa, saa 2 yake itakuwa saa 3. Mtoto aliyepaswa kufika amekwisha kuzoea atakuwa nyuma kwa muda wa saa mbili nzima, na mama yake, aendaye kazini alfajiri, ndiye atakayelipa.

Wapo watakaosema kwamba saa yenyewe husogezwa mbele, kwa nini usingizi usisogezwe mbele? Hapo ndipo penye mzizi wa kosa. Mshale wa saa una uso, na mbele yake twaiona kwa macho. Wakati wa tendo hauna uso. Tunapousogeza mbele twausukumia siku zijazo, mbali nasi. Neno ni moja, dira ni mbili, na karatasi hii inazitumia zote mbili katika aya moja. Sisi twashauri kwamba mbele na nyuma yaachiwe mshale peke yake. Kwa usingizi, chakula na kuamka, Kiswahili kina vitenzi viwili visivyo na shaka, navyo ni kuwahisha na kuchelewesha.

Neno saa nalo limemponza mfasiri. Kwetu saa ni chombo, ni muda wa dakika sitini, tena ni jina la wakati fulani wa siku. Alipoandika "rudisha saa nyuma saa moja" alisema mambo mawili kwa pamoja, kwani mtu aweza kuirudisha saa nyuma ifikapo saa moja. Mahali pengine ameandika kwamba mtoto wa miezi minne hadi kumi na mmoja "alale saa 12 hadi 16". Kipimo ni sahihi, nacho ni kile kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2019. Lakini msomaji wa haraka ataona kwamba mtoto alazwe saa 12, kisha asijue saa 16 ni ipi. Ingetosha kuandika: jumla ya muda wa saa 12 hadi 16 katika kila usiku na mchana, pamoja na usingizi wa mchana.

Baya kuliko hayo, mwanzoni kabisa wazazi wameambiwa wamlaze mtoto "saa 7 usiku". Tarakimu imehamishwa kutoka Kiingereza bila kuhesabiwa upya kwa saa sita, na saa 1 imekuwa saa 7. Bibi alicheka alipofika hapo. Saa 7 usiku, alisema, ni saa ambayo wavuvi wa dagaa wako katikati ya ziwa na taa zao. Kosa hili twaliona mara kwa mara katika tafsiri za matangazo na ratiba, na wengi hulichukulia kuwa dogo kwa kuwa akili ya msomaji hulisahihisha. Pale dawa inapoandikiwa saa zake, akili hiyo haitoshi kutegemewa.

Halikadhalika mfasiri ametaja badiliko kuwa litafanyika "Jumapili usiku". Mzazi akisoma hivyo atangoja hadi jua lituche Jumapili, na saa zitakuwa zimekwisha kusogezwa tangu alfajiri ya kuamkia siku hiyo. Usemi wetu wa "usiku wa kuamkia" unaliondoa tatizo hili lote, na twashangaa kwamba haukutumika.

Kuhusu jina la desturi yenyewe, mfasiri ametumia "saa za kuokoa mchana", na mahali pengine "saa za mchana", jina linaloonekana pia katika simu na kompyuta. La kwanza ni tafsiri sisisi, kwani hakuna mchana unaookolewa. La pili tayari lina maana yake, yaani saa kama 7, 8 na 9 za mchana. Wengine hupendelea "saa za majira ya joto", lakini mwisho wa Machi Uingereza bado kuna baridi, na kwa msomaji wa kando ya ziwa huo ni wakati wa masika. Sisi twapendekeza "saa ya kawaida" na "saa iliyosogezwa", na kitendo kiitwe "kubadili saa kwa majira". Si istilahi za kupendeza sana, ila hazimdanganyi mtu.

Haki yamtaka mhakiki aseme na yaliyo mema. Dalili za usingizi zimeelezwa kwa Kiswahili kizuri: mtoto kufikicha macho, kupiga miayo, kugeuza uso. Agizo la kumlaza chali liko wazi. "Saa ya ndani" ndiyo iliyotushinda. Bibi aliuliza kama ni kifaa. Dhana ni ya ule mwendo wa mwili unaopambanua usiku na mchana, ambao mtoto hazaliwi nao umekamilika, bali huanza kujengeka katika miezi ya mwanzo kwa kuongozwa na mwanga. "Saa ya mwili" ni jina lifaalo, lakini si katika karatasi ambayo neno saa limekwisha kubeba mizigo mitatu.

Bibi tulimwandikia hivi: "Siku nne kabla ya Jumapili ya mwisho ya Machi, mwahishe mtoto kulala kwa dakika 15, na kila siku uzidishe dakika 15 nyingine. Mwahishe pia kuamka na kula kwa kiasi kilekile. Asubuhi akiamka, fungua mapazia apate mwanga." Akauliza na Oktoba je? Tukamwambia abadili vitenzi tu: mcheleweshe.