Sifa ya Mche wa Sabuni ya Ndevu

Mtu akipita barabarani ametoka kunyoa, uso wake umetakata na mashavu yake yanang'aa, watazamaji husifu wembe au mkono wa kinyozi. Ni nadra kusikia mtu akisifu sabuni. Hata hivyo, mwenye kulitazama jambo hili kwa insafu atakiri kwamba sehemu kubwa ya kazi ilikwisha kufanywa kabla chuma hakijagusa ngozi. Ndevu kavu ni ngumu na zenye ukaidi, lakini zikinyweshwa maji ya uvuguvugu kwa dakika mbili tatu hulainika zikakubali kukatwa. Na maji peke yake hayakai usoni, bali huteremka shingoni yakaingia ndani ya ukosi wa shati. Povu zito ndilo linaloyashikilia mahali pake, na ndilo linaloufanya wembe uteleze badala ya kukwaruza. Wahenga waliosema kwamba mwenzako akinyolewa, chako tia maji, walikuwa wakitoa onyo juu ya misiba ya dunia, lakini hapana shaka waliijua vema kanuni ya unyozi: maji kwanza, wembe baadaye. Sabuni ya ndevu, basi, ni mtumishi wa matayarisho, na watumishi wa namna hii aghalabu hufanya kazi kubwa wakapata shukrani haba.

Zamani suala hili lilikuwa la kinyozi, aliyekuwa na kiti chake chini ya mti, ukanda wake wa kunolea na kopo lake la maji, na aliyekuja kwake alikabidhi kidevu chake bila ya kuuliza kilichomo ndani ya povu. Mwaka 1904 Mmarekani King C. Gillette alipata hataza ya kishikio chake kinachobeba wembe mwembamba wa kutupwa, na katika Vita Kuu ya Kwanza mamilioni ya askari wa nchi yake walipewa chombo hicho, wakarejea makwao wamezoea kujinyoa wenyewe. Methali ya kwamba kinyozi hajinyoi haikuwahusu tena, kwa kuwa kila mtu alikuwa kinyozi wa uso wake mwenyewe. Mtu wa namna hiyo, na hasa msafiri, alipata rafiki katika mche wa sabuni: haumwagiki sandukuni, hauhitaji bakuli, na hupakwa juu ya ndevu zilizoloweshwa, kisha brashi ikazungushwa papo hapo usoni mpaka povu likasimama.

Tofauti ya sabuni hii na ile ya kuogea ni tofauti ya tabia. Sabuni ya kuogea hupendwa kwa wepesi wa kuondoka, kwani povu lake huchukua taka likaenda zake na maji, wala hakuna amwombaye mgeni huyo akae. Lakini sabuni ya ndevu hutakiwa ikae, ivumilie, isikauke wala isififie mpaka wembe umalize safari yake. Siri ya uvumilivu huo ilifunuliwa na Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyezaliwa Angers mwaka 1786 akafa Paris mwaka 1889 akiwa amepindukia umri wa miaka mia moja. Katika kitabu chake cha mwaka 1823 alibainisha kwamba shahamu si kitu kimoja, bali ni muungano wa asidi za mafuta na gliserini, na miongoni mwa asidi hizo aliitenga moja nyeupe, ngumu, isiyo na harufu kali, nayo ni asidi ya steariki, ambayo baadaye ilitiwa katika mishumaa bora. Asidi hiyo ndiyo inayolipa povu la ndevu uzito wake na vipovu vyake vidogo visivyoonekana kwa jicho. Mafuta ya nazi hutoa vipovu vikubwa, vyepesi, vyenye furaha ya haraka na mauti ya haraka. Kwa hiyo fundi huyahitaji yaanzishe povu, na huihitaji steariki ilidumishe.

Nazi ikitajwa, mtu wa pwani huona kuwa habari imefika nyumbani kwake. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Kifaransa walinunua ufuta na mbata katika pwani hii, wakavipeleka Marseille, mji ulioshiba umaarufu wa sabuni, na bila shaka mbata za mashamba yetu zilirudi duniani kwa sura nyingine, zimefungwa karatasi na kupigwa mhuri. Hatuna haja ya kuzifuata huko. Nazi zimo, mbarika huota hata pasipopandwa, na mafuta yake mazito, yanayonata kidoleni, hulisaidia povu lisikauke upesi. Kinachopaswa kununuliwa ni steariki, ambayo watengeneza mishumaa huiuza, pamoja na magadi makali ya namna mbili: soda kali, ambayo madukani huitwa kostiki soda na ambayo hutoa sabuni ngumu, na potasi kali, ambayo hutoa sabuni laini yenye kuyeyuka kwa hiari ikiguswa na maji. Soda peke yake hufanya mche mgumu usiotoa povu la kutosha, na potasi peke yake hufanya uji usiosimama. Hikima imo katika kuzioanisha.

Kipimo kinachofaa mwanzo wa kazi ni gramu 110 za steariki, 60 za mafuta ya nazi na 30 za mafuta ya mbarika. Kwa hizo hutumika gramu 15 za soda kali na gramu 20 za potasi kali, katika maji yapatayo gramu 75. Kila kitu hupimwa kwa mizani, hata maji, maana kikombe na kijiko hudanganya, na kosa la gramu chache za magadi hulipwa na ngozi. Magadi hutiwa katika maji, wala maji hayatiwi katika magadi, kwa sababu yakitiwa huchemka ghafla yakaruka. Mikono ivikwe glavu, macho yakingwe kwa miwani, watoto wawe mbali, dirisha liwe wazi. Na sufuria ya alumini, ambayo imejaa katika majiko yetu, ikae kando kabisa, kwani magadi huila na kutoa hewa inayoshika moto. Chombo salama ni cha chuma kisichoshika kutu.

Steariki huyeyushwa pamoja na mafuta katika sufuria iliyokaa ndani ya sufuria nyingine yenye maji ya moto, kwa kuwa haiyeyuki mpaka joto likaribie nyuzi 70. Vipande vyake vyeupe huzama, hupoteza ncha zao, huwa angavu pembezoni, kisha hutoweka, na kilichobaki ni kioevu safi cha rangi ya dhahabu hafifu. Hapo ndipo maji ya magadi humiminwa kidogo kidogo huku mwiko ukizunguka, na hapo ndipo kazi hii huachana na utengenezaji wa sabuni za kawaida, ambazo humpa fundi wasaa wa kusubiri. Steariki ni asidi iliyokwisha kutengwa, haingoji; hukutana na magadi ikageuka papo hapo, na kilichokuwa kikimiminika sasa ni donge zito linaloushika mwiko, na mkono uliozoea kusonga ugali hujiona uko kwenye kazi yake. Anayestuka akaacha hubaki na mabonge yenye magadi ndani yake. Anayeendelea kusonga kwa moto mdogo, kwa muda wa saa moja au zaidi, huona donge likilainika, likawa la namna moja, likang'aa. Kidogo cha sabuni hiyo huguswa na ncha ya ulimi: ikichoma, irudi motoni, ikiwa na ladha ya sabuni tu, imeiva. Gliserini gramu 10 huongezwa mwishoni. Mwenye kupenda manukato na ajizuie, kwani mafuta ya karafuu ya Pemba, pamoja na uzuri wa harufu yake, ni makali juu ya ngozi iliyotoka kupitiwa na wembe.

Kalibu nzuri ni kipande cha mwanzi kilichopasuliwa kati, kikatandikwa karatasi iliyopakwa mafuta, kisha nusu mbili zikafungwa kwa uzi. Sabuni ya moto hushindiliwa ndani kwa kijiti butu, kidogo kidogo, ili hewa itoke, maana hewa iliyobaki huacha mashimo ambayo mche huja kuvunjika kwayo. Kesho yake uzi hukatwa, na mche huwekwa mahali penye upepo kwa wiki tatu au nne, upungukiwe na maji na uzidi kukaza. Kipimo kile hutoa miche minne au mitano, na mmoja tu humtosha mtu kwa miezi.

Baada ya hayo hufuata mtihani wa kioo. Wakazi wa pwani wajue kwamba maji ya visima vyetu vingi, yaliyopita katika mawe ya matumbawe, yana chokaa, na chokaa huliua povu likaacha utando wa kijivu. Maji ya mvua hulipa uhai. Uso hulowanishwa, mche hupitishwa dhidi ya mwelekeo wa ndevu, brashi huzunguka, na povu jema hujitambulisha kwa kukosa macho: halina kipovu kinachoonekana, na nyayo za brashi hubaki juu yake bila kufunikwa.

Wapo watakaouliza faida, na wajibiwe kwa ukweli. Kwa hesabu ya senti faida ni ndogo, kwa kuwa sabuni za madukani si ghali na saa za fundi pia zina thamani. Mwislamu, akihakikisha kwamba steariki na gliserini aliyonunua imetokana na mimea, atapata utulivu wa kujua kwamba hakuna shahamu ya mnyama asiyemjua inayopita midomoni pake, na hilo si jambo dogo. Lakini faida iliyo kubwa zaidi ni kupata hukumu. Aliyeisonga steariki kwa mkono wake, akaona nazi ikianzisha na mbarika ikisaidia, huanza kutambua kazi zilizofichika nyuma ya kila kilichonyooka: kunde zilizolowekwa tangu usiku, jembe lililonolewa kabla ya mvua, somo lililoandaliwa kabla ya kengele. Akiingia dukani, akaoneshwa karatasi yenye rangi na jina lenye fahari, atauliza kilichomo ndani na kwa kadiri gani, na muuzaji asiye na jibu atakuwa amejibu. Anayejua povu jema linatokana na nini hauziwi tena harufu kwa bei ya sabuni.