Kisanduku cha 32

Kazi ya mwalimu huyu wa kemia, hapa Katoyi mjini Goma, huanza siku moja kabla ya somo, na huanza kwa nyundo. Hukusanya mawe ya redio yaliyokwisha, akayapasua moja moja juu ya jiwe la volkano. Ganda la zinki huliweka kando. Kijiti cheusi cha katikati, ambacho ni kaboni, hukichomoa kwa vidole viwili. Unga mweusi unaobaki, wenye manganizi na kaboni, huukung'utia kwenye kopo, akautia maji ya majani yaliyotwangwa na kukoroga mpaka ushike kama uji mwepesi. Kisha hupaka ubao kwa kitambaa, kutoka juu kwenda chini. Hungoja ukauke. Hupaka tena. Darasa ni la mbao, limesimama juu ya mawe meusi kama nyumba nyingi za Goma, na upepo unaopenya kwenye nyufa ndio unaomsaidia kukausha. Ubao uliopakwa vibaya, anasema, hula chaki bure.

Asubuhi nilikaa dawati la nyuma nikamtazama akipiga mistari. Aliupaka uzi chaki, mwanafunzi mmoja akashika ncha ya pili, wakauvuta ukakaza. Akauinua kidogo kwa vidole, akauachia: pa! Mstari ukatokea, mnyoofu kama wa seremala. Akapima sentimita 10, akapiga mwingine. Nguzo 18, safu 7. Halafu kwa kitambaa chenye maji alifuta visanduku vya juu visivyohitajika, jedwali la elementi likabaki limeinuka kwenye ncha zote mbili na kubonyea katikati, na chini yake akachora safu mbili za pembeni. Ilimchukua karibu saa nzima. Mwishoni alipitisha kijiti juu ya kila kisanduku, akihesabu kwa sauti ya chini, mpaka 118.

Nilitarajia aanze kuandika majina. Hakuandika hata moja. Kwenye pembe ya kila kisanduku aliweka namba tu, 1 hadi 118. Namba hiyo, aliwaambia, ni hesabu ya protoni katika kiini cha atomu, na ndiyo inayoamua kitu ni nini. Kaboni ina protoni 6. Ikipata ya 7, si kaboni tena, ni nitrojeni.

"Mwalimu, koltani iko wapi?" kijana mmoja akauliza. Mjini Goma swali hilo halikosekani.

Aligusa kisanduku cha 41, kisha cha 73 kilicho chini yake. "Koltani si elementi moja. Ni jiwe linalobeba hizi mbili, niobi na tantali. Wenye maabara Ulaya walibishana miaka zaidi ya 40 kama ni mbili au ni moja. Tutazifikia. Leo tuko hapa." Mkono wake ukahamia nguzo ya 14.

Alichuchumaa. Kwa chaki iliyofungwa kwenye kamba alichora sakafuni duara ndani ya duara. Katikati alipanga vijiwe 6 vya volkano, ndizo protoni, na punje 6 za mahindi, ndizo nyutroni. Kisha akachukua maharagwe, ambayo ni elektroni: mawili kwenye duara la ndani, manne kwenye la nje. Aliyaweka kwa nafasi sawa, akasogeza moja lililokaa vibaya. "Hii ni nini?" Akatoa mfukoni kipande cha makaa. Wakajibu wote: kaboni. Aliandika C. Akaongeza kwamba kaboni hiyohiyo, ikishikana na oksijeni mbili, ndiyo mazuku, hewa nzito inayojikusanya mabondeni na kuua mbuzi bila kelele.

Kisanduku cha chini, namba 14. Maharagwe yalikaa 2, 8, na nje tena 4. Akainua jiwe jeusi alilolitumia kupasulia mawe ya redio: silikoni, iliyofungamana na oksijeni. Lava ya volkano ya Nyiragongo ina mchanganyiko huo kidogo kuliko lava nyingi, ndiyo maana ni nyepesi na hukimbia, kama ilivyokimbia tarehe 17 Januari 2002, ikapita mjini mpaka ziwani. Aliandika Si.

Kisanduku cha 32 alikiruka. Wanafunzi waliona, hakuna aliyesema kitu.

Namba 50 ni bati, kutoka kasiteriti ya Walikale. Akaonyesha waya wa kulehemu wa fundi redio, wenye bati ndani yake. Kisha akanyoosha kidole juu: hayo ya paa tunayaita mabati, lakini ni chuma kilichopakwa zinki, lugha imetupa jina, kemia inatutaka tulichunguze. Namba 82 ni risasi, iliyo ndani ya betri za magari. Zote mbili aliziandika; zina elektroni 4 duara la nje.

Ndipo aliporudi kwenye kisanduku kitupu. "Mtu huyu hamjamwona. Mnawajua walio juu yake na walio chini yake. Nielezeni alivyo."

Walinong'onezana. Msichana mmoja alisema duara la nje litakuwa na 4. Mwingine alichukua uzito wa silikoni, 28, akajumlisha na wa bati, 119, akagawa kwa mbili: 73 na nusu. Mwalimu aliandika namba hiyo kando, hakusifu, hakukosoa. Akawaeleza kwamba mwaka 1869 Dmitri Mendeleev wa Urusi alipanga elementi 63 zilizojulikana wakati huo, akaacha nafasi tupu pale ambapo mpangilio ulidai kitu. Hii ilikuwa mojawapo. Alibashiri uzito wa 72. Mwaka 1886 Clemens Winkler aliipata nchini Ujerumani, akaipa jina la nchi yake: gerimani, uzito wake 72.6. Na katika nchi yetu, alisema, ilitolewa Kipushi, huko Katanga.

Aliandika Ge taratibu, herufi mbili, bila kugusa mstari wowote. Kisha akachuchumaa tena, akapanga maharagwe: 2, 8, 18, 4. Darasa zima lilisimama kuzunguka maduara yale.

Kengele ilipolia, visanduku 113 vilikuwa bado havina majina. Aliokota maharagwe moja moja, akihesabu. Yalipotimia 32, akafunika kopo.